Picha Kumi za Samaki kwa Bi Zuleikha

Jumatatu, 3 Februari

Nimenunua daftari hili kwa sababu mambo makubwa yanaanza na sitaki kuyasahau. Mgongo unauma. Vidole vimepasuka tena, vitatu, mkono wa kulia. Ni chokaa. Mwaka wa saba huu nazima kwa maji chokaa ya kukarabati majumba ya watu Mji Mkongwe, na chokaa nayo inanizima mimi.

Habari yenyewe. Jumamosi Fundi Gharib, bosi wetu, alinituma na mwenzangu Mjaka tupeleke magunia ya chokaa Kendwa, kwa Bi Zuleikha. Huyu ana boti ya kuwapeleka wageni kuangalia samaki. Alikuwa na mpiga picha, mtu wa kuzama nao na kuwapiga picha wakiwa majini. Huyo amekimbilia Muscat kuuza manukato. Sasa Bi Zuleikha anataka mwingine. Awe na kamera yake. Ajue kuogelea. Jumapili ya tarehe 16 aje na picha kumi za samaki, kisha apande boti ajaribiwe mbele ya wageni.

Cheti je? Nilimuuliza mara mbili. Akasema cheti hakiogelei.

Hakiogelei! Mimi nimeishia darasa la saba. Lakini nimezaliwa Mbamba Bay, hatua ishirini kutoka Ziwa Nyasa. Nilijua kuzama kabla sijajua kufunga kaptula.

Ubaya mmoja tu. Mjaka naye alikuwa amesimama pale na masikio yake yote mawili.

Jumanne, 4 Februari

Baada ya kazi, Darajani, kwa Talib anayeuza simu na kamera zilizotumika. Nikamwambia nataka kamera ya majini, nzuri na ya bei ndogo. Akasema, yakhe, hayo mambo mawili hayajapata kuingia dukani humu kwa pamoja.

Akanipangia tatu mezani. Ya kwanza, kidude kama kiberiti, cha kufunga kichwani. Kinaona upana wote wa bahari, lakini samaki aliye hatua tatu mbele yako anatoka kama punje ya mchele. Betri yake imevimba kama andazi. Ya pili mpya, inaingia majini yenyewe bila kuvishwa kitu. Nikauliza bei, nikamrudishia kwa mikono miwili, kama unavyorudisha mtoto mchanga wa watu. Ya tatu, kamera ya kizamani ya mfukoni, kioo kina mkwaruzo, lakini ina kasha lake la plastiki la kuzamia. Kasha linafungwa kwa kibanio, na kwenye mlango kuna mpira mweusi wa duara unaozuia maji.

Hiyo!

Talib akaanza mawaidha. Ndani ya maji rangi nyekundu ndiyo inayopotea mwanzo, kwa hiyo msogelee samaki mpaka akaribie kukubusu. Flashi usiwashe maji yakiwa na vumbi, utapiga vumbi. Huu mpira umechoka, nunua mwingine. Kila ukifungua, ufute, unywele mmoja tu unaingiza bahari nzima. Na kabla ya yote, lizamishe kasha tupu, na karatasi laini ndani, uone kama linavuja. "Niahidi, Othmani."

Jina langu ni Osmund. Huku nimekuwa Othmani tangu siku niliyoshuka bandarini. Nimeacha kusahihisha.

Nikaahidi, kama ninavyomwahidi padri. Mpira mpya sikununua. Nimeupaka mafuta ya nazi, unang'aa.

Nililipa kwa nauli. Niandike ukweli, daftari ni langu. Nauli ya kwenda nyumbani Krismasi, ambayo sikwenda kwa sababu Fundi alikuwa na paa la kumaliza, ilikuwa ndani ya soksi. Sasa ni kamera. Mama nimemwambia nitafika Pasaka. Kwa hiyo kazi ya Kendwa ndiyo nauli yangu ya Pasaka. Nikiikosa, Mama ataila sikukuu na kuku wake, mwaka wa nne.

Jumatano, 5 Februari

Mjaka kajitayarisha. Simu yake ndani ya mfuko wa plastiki, kamba shingoni, kama kitambulisho cha serikali. Alipoona kasha langu akaniuliza hiyo ni kamera au jeneza la panya. Mafundi wote wakacheka. Fundi Gharib akacheka bila sauti, mabega tu.

Najua jambo asilolijua. Talib aliniambia kioo cha simu hakisikii kidole ndani ya maji. Sikumwambia. Nilimwambia simu yake ni nzuri sana, asibadilishe chochote. Mungu anisamehe, lakini baada ya tarehe 16.

Mchana, kivulini, nilimkumbuka marehemu Baba. Alikata kitako cha ndoo, akabandika kioo cha dirisha kwa lami. Tukienda kwenye mawe, anaikandamiza ndoo juu ya maji na kutazama chini kama mtu anayesoma gazeti. Kisha zamu yangu. Wale samaki wadogo wa mawe! Wa bluu, wa manjano, mmoja mweusi mwenye ukingo kama wa kanzu ya sikukuu. Maji hayana chumvi, ukiacha ndoo unafumbua macho hivi hivi. Ziwa lile unalitazama na unalinywa. Huku ukifumbua macho baharini unatoka unalia, watu wanakuuliza umefiwa na nani.

Ijumaa, 7 Februari

Nusu siku, wenzangu wamekwenda msikitini. Nikarudi Chukwani ninakopanga, kwa Bi Mwamvua. Uani ana pipa kubwa la maji. Jaribio!

Kasha tupu sikulizamisha. Nani anajaribu nyumba bila mpangaji? Nikatia kamera, nikabana, nikazamisha mikono mpaka mabegani, halafu kichwa, nione kioo chake kinavyosoma. Halivuji! Hata tone! Nikasikia mtu anapiga kelele kwa mbali. Kumbe si mbali. Alikuwa nyuma yangu.

"We Othmani! Hayo maji ya kunywa! Umetia kichwa!"

Nikasema, shikamoo Bi Mwamvua, nilikuwa natafuta samaki. Marahaba hakuitika. Alisema bahari ile pale, Mungu kaiweka tangu kale, na humo pipani hajapata kuona hata dagaa. Nimechota ndoo kumi na mbili kulijaza upya.

Jioni nikaenda baharini. Picha kumi. Tisa mawingu, moja dole gumba la mguu wangu. Kasha linatokwa jasho kwa ndani! Kioo chote ukungu. Samaki nimewaona kwa macho yangu, kamera imeona asubuhi ya Songea mwezi wa Juni.

Jumapili, 9 Februari

Misa kanisa la Minara Miwili. Nikapitia kwa Talib. Akasema hewa ya joto iliyofungiwa ndani inatoa jasho ikikutana na ubaridi wa maji. Dawa yake ni vile vipakiti vya chembechembe za kukausha vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu vipya. Nitie kimoja ndani ya kasha.

Viatu vipya! Mara ya mwisho nilivaa kiatu kutoka kwenye boksi siku ya Kipaimara. Nikazunguka maduka mawili kuomba vipakiti. La kwanza walinitazama tu. La pili mwenye duka akauliza kama nakula.

Mjaka ana picha tano. Kumbe amegundua kubonyeza kwa kile kitufe cha pembeni cha sauti. Nani kamfundisha? Dunia imeharibika.

Jumatatu, 10 Februari

Nimepata! Nimepata! Andika kwa herufi kubwa: NIMEPATA.

Saa tatu gari limeleta mabonge kutoka tanurini, chokaa ambayo haijazimwa, bado mawe. Fundi Gharib akawa anaruka huku na huku na turubai, anafoka. Funikeni, funikeni! Nshakwambieni mara ngapi, bonge hili linakunywa hata jasho la hewa!

Nikasimama na koleo mkononi kama mtu aliyetokewa na malaika. Linakunywa jasho la hewa. Miaka saba nimebeba dawa ya kukausha kwa toroli, halafu nazunguka madukani kuomba vipakiti!

Kibonge kimoja kama kokwa ya tende. Nimekifunga kwenye kipande cha soksi ile ile ya nauli. Fundi akauliza nimeokota nini. Nikasema msumari.

Jumatano, 12 Februari

Chukwani, baada ya kazi, maji yamejaa, jua bado liko juu. Nilizama. Kioo safi kama kimeoshwa na mama mkwe. Akaja samaki mmoja, manjano, mistari ya bluu, akasimama mbele yangu kwenye jiwe na kuchezesha mapezi kama anasubiri aulizwe swali. Nikamsogelea, Talib alivyosema. Nikabonyeza.

Nikatoka, nikakaa kwenye mchanga kuitazama. Nilitazama mpaka jua likagusa maji. Sijui niandike nini. Alikuwa kama wale wa ziwani. Nilisikia harufu ya muhogo unaoanikwa juu ya mawe, nikasikia Baba anakohoa. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, nalia, na safari hii si chumvi.

Nikamtumia Mama kupitia simu ya jirani yake. Akapiga. Akasema amemwona, ni mzuri, lakini mwembamba, huko mnawalisha nini? Kisha akauliza naja Pasaka kweli au kama ile Pasaka nyingine. Nikasema kweli. Akasema haya. Ile "haya" yake naijua.

Lazima niipate Kendwa.

Ijumaa, 14 Februari

Picha kumi kamili! Tisa samaki, ya kumi huenda ni jani, lakini lina jicho. Mjaka ana kumi na mbili na anazionyesha mpaka kwa wauza urojo.

Kwa hiyo siku ya jaribio lazima picha zangu ziwe safi kuliko safi. Nimefikiri hivi: kama kokwa ya tende imekausha vile, yai la kuku litafanya nini? Nimechagua bonge zuri, jeupe, limeungua sawasawa. Linaingia nyuma ya kamera kwa kusukuma kidogo. Unga umemwagika mlangoni, nimeupuliza.

Fundi Gharib kanikuta nachagua. Akasema anafurahi hatimaye naipenda kazi. Akanikumbusha ya kila siku: bonge halipelekewi maji kwa ghafla, litakurukia usoni. Nikasema naam, Fundi.

Jumapili, 16 Februari

Misa sikwenda. Nitaje hilo kwanza ili lisije likatajwa na mwingine.

Kendwa saa nne. Bahari shwari. Wageni wanne na Bi Zuleikha mwenyewe, buibui lake na miwani ya jua, amekaa mbele kama jaji. Akatazama picha zangu. Kwenye ile ya kumi akauliza huyu nani. Nikasema ni samaki, aibu yake imemfanya ajikunje. Akatazama za Mjaka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sikupenda kile kichwa.

Tukaingia. Picha ya kwanza safi! Ya pili, mama mmoja wa Kifaransa na samaki wawili begani kama nishani. Ya tatu sikuipiga. Mikono yangu ilihisi joto. Bahari haipati moto ghafla. Nikalitazama kasha. Tone moja lilikuwa limepita kwenye mpira, pale pale ulipokaa unga niliodhani nimeupuliza. Halafu tone la pili. Halafu nikasikia ile sauti. Miaka saba naisikia kila wiki kwenye shimo la kuzimia chokaa, naijua hata chini ya maji. Shhhhh.

Kasha likawa jeupe kama bakuli la maziwa. Nikapanda juu, nikalinyanyua mbali na uso. Kibanio kikaachia, mlango ukaruka, na uji wa moto wa chokaa ukafuka moshi mbele ya boti. Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya safari.

Nilikuwa nimezima chokaa ndani ya kamera. Nauli, Pasaka, picha zote kumi, uji.

Nikashika ngazi ya boti. Mjaka alikuwa anapiga picha kama mfalme. Pale chini wageni walikuwa wamemzunguka pweza pangoni mwake, anabadilika rangi, hudhurungi, kijivu, madoadoa. Wanaonyeshana vidole kwa furaha. Mjaka akasogea ampige picha. Nilimwona akisita. Kisha nikaona simu inaelea peke yake kwenye kamba. Mjaka ni mtu wa Makunduchi. Kwao mtoto anajua kutoa pweza mwambani kabla hajajua kuandika jina lake. Mkono ndani, ukapindishwa, ukatoka na pweza mzima, kichwa kikageuzwa nje ndani kama kofia. Akapanda na kumpiga ubavuni mwa boti, pa! pa! pa!

"Huyu kilo mbili hapungui!"

Mgeni mmoja akalia kwa sauti. Bi Zuleikha akavua miwani. Akamwambia, Mjaka baba, hawa watu wamekuja kumtazama, hawakuja kumzika. Mjaka, maji yanamchuruzika, pweza mkononi: "Lakini Bi Zuleikha, alikuwa ananiangalia mimi!"

Katika fujo ile sikugundua kwamba ngazi nimeishika na mtu mwingine. Mzee mmoja mnene wa Kijerumani. Tangu tumefika hakuwa ameiachia. Vidole vimekuwa vyeupe. Hatujui lugha moja, na mimi sikuwa na kamera wala kazi nyingine. Nikamfanyia kama Baba alivyonifanyia kule kwenye mawe. Kiganja kimoja chini ya tumbo, kingine chini ya kidevu, na kuvuma polepole kama nyuki ili asikie kwamba bado nipo. Akaachia kidole kimoja. Cha pili. Akatia uso majini. Alipouinua alikuwa analia ndani ya miwani ya kuzamia. Akautia tena. Tukaogelea nusu saa, nimemshika mkono kama bwana harusi.

Nimerudi Chukwani na kasha kwenye mfuko wa rambo. Sina hamu ya kula.

Jumatatu, 17 Februari

Kazini. Habari imefika kabla yangu. Fundi Gharib aliomba kasha, nikadhani atalitupa. Akatia kidole kwenye uji, akausugua kwa dole gumba, akaunusa. Akasema chokaa nzuri, imeiva. Tatizo hukukoroga.

Mjaka na mimi tulikaa tofali moja mchana. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Akaniletea pweza wa nazi kwenye kibakuli. Mtamu, na nimemwambia.

Saa tisa simu. Bi Zuleikha! Mjerumani amekataa kwenda popote na mtu mwingine ila yule wa mkono. Anaondoka kesho, na kamera yake ya majini, mpya, aina ile ya bei ya mtoto mchanga, anaiachia boti. Sharti lake niishike mimi. Kwa hiyo kazi nimepata, mwezi mmoja wa majaribio, nianze Jumatano. Nikipita vizuri, Pasaka napewa ruhusa na nauli.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope la chokaa.

Bi Zuleikha alikuwa na neno moja. Hii kamera imefungwa kiwandani. Haitaki mafuta, haitaki dawa, haitaki akili yako. "Wewe bonyeza tu, Othmani. Siku nikikuta umeitia hata punje ya chumvi, nnakurudisha kwa Gharib kwa gari yangu mwenyewe."

Nikasema naam, Bi Zuleikha. Nikaapa kwa jina la Mama. Nimejifunza, nikasema. Nimejifunza sana.

Jumapili, 23 Februari

Kendwa. Siku tano za raha. Vidole vinaanza kufunga. Wageni wananiita kwa jina langu, Osmund, wanalitamka kabisa na d yake, na nimeshindwa kulizoea. Picha mia mbili na kitu, hakuna hata moja yenye ukungu. Bi Zuleikha jana alinisifu mbele ya nahodha.

Asubuhi nikamtumia Mama sita zilizo bora. Akapiga. Akasema samaki ni wazuri, mwanangu, ila hayo si maji, ni wino. Maji yetu hayako hivyo. Yetu yana ule ukijani wa asubuhi, jua likipita kwenye mawe. Nikasema, Mama, hii ni bahari. Akasema anajua, lakini usiku akifunga macho anataka kuniona niko kwenye maji anayoyajua.

Nimelifikiria tangu nimalize kula. Mama hakosei. Picha ni za bluu mno. Na dawa yake ni ndogo sana, haihesabiki hata kuwa dawa. Nimevunja chupa ya soda ya kijani, nimesugua kipande kwenye jiwe mpaka kimekuwa duara, saizi ya kifungo cha shati. Kikikaa nyuma ya kioo cha mbele, kwa ndani, bahari yote inakuwa Nyasa. Mafuta sikutia. Chumvi sikutia. Bi Zuleikha alikataza kutia kitu, na kioo si kitu, ni kioo juu ya kioo.

Kiwandani wameifunga kwa skrubu sita, ndogo kama mayai ya chawa. Ncha ya kisu imezitoa bila taabu. Boti inaondoka saa nane, wageni wameshaanza kuvaa miwani, nahodha ananiita kwa mara ya pili. Sasa hivi ni saa nane kasoro robo.

Skrubu zilikuwa sita. Mezani naziona tano.